Namba za Chumba cha Macho

Nilijifunza kuandika programu za kompyuta nikiwa nimevaa buti. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huniwazia mtu wa ofisini, mwenye shati jeupe na kikombe cha kahawa mezani. Mimi nilikuwa askari wa lango katika jengo moja la Kisenyi, mjini Kampala. Chini kulikuwa na maduka ya vipuri vya magari, katikati Wasomali waliuza vitambaa kwa jumla, na juu kabisa, chini ya mabati, kulikuwa na darasa la kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko na kuandika majina ya wageni. Zamu iliisha saa kumi jioni, darasa likaanza saa kumi na moja. Nilikula chapati nimesimama, kisha nikapanda ngazi na yunifomu yangu. Siku ya kwanza mwalimu aliponiona mlangoni alinyamaza katikati ya sentensi, akauliza nani amefanya kosa.

"Nimekuja kusoma," nikamwambia.

Darasa zima lilicheka. Wote waliocheka nawakumbuka, na viti walivyokalia.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yangu, katika vyumba viwili vya kupanga Kyebando. Baba alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini. Alikufa zamani, akatuachia Kiswahili cha kambini na tabia ya kukaa kwenye foleni bila kunung'unika. Hapa Kampala vitu hivyo viwili havimfikishi mtu mbali. Mama alikuwa na ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa kabla hatujajua kwamba ugonjwa kama huo upo. La kulia lilikuwa linashikiliwa na dawa ya matone, na dawa hiyo ilitolewa katika kliniki ndogo karibu na kwetu, ambako daktari wa macho alifika Alhamisi moja na kuruka ya pili. Sharti lilikuwa moja: hupewi chupa mpya mpaka jicho lipimwe. Siku ya kwanza kabisa daktari alituambia waziwazi kwamba sehemu ya jicho inayokufa hairudi. Mama aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea amri.

Darasani tulifika mahali ambapo wengi walianza kukwama. Mwalimu alieleza kwamba methodi ni kazi uliyoipa jina: unaandika hatua zake mara moja, na kila ukilitaja jina hilo kompyuta inazifuata zote. Hapo tulikwenda sawa. Kisha akaeleza kigeu, yaani jina ambalo unaliwekea thamani, na thamani hiyo inaweza kubadilika. Hapo pia sawa. Ndipo akasema kwamba kigeu kikizaliwa ndani ya methodi hakijulikani nje yake, na methodi ikimaliza kazi, kigeu hicho nacho kinapotea. Watu wakakunja nyuso. Msichana mmoja wa mbele akauliza mara tatu: kama nimekiandika mimi mwenyewe, na kiko kwenye faili hilo hilo, kwa nini kompyuta inasema haikijui?

Mimi nilielewa papo hapo, na nilielewa kwa sababu ya pazia.

Kambini tulikokulia nyumba ilikuwa chumba kimoja cha duara, cha bati, na kilikatwa katikati kwa pazia la maua. Upande wa ndani ulikuwa wa wazazi. Baba alikuwa na sheria isiyojadiliwa: "Maneno ya ndani ya pazia inakufa ndani ya pazia." Tuliyasikia yote, bati halifichi kitu, lakini asubuhi hakuna aliyejua chochote. Wao wakiwa ndani waliweza kuiona saa iliyoning'inia upande wetu, kupitia mwanya wa juu. Sisi tulikuwa haturuhusiwi hata kuuliza walichokuwa wakisema. Nikanyanyua mkono nikalieleza darasa hivyo hivyo: kilicho nje kinaonekana kutoka ndani, kilichozaliwa ndani hakitoki nje.

Mwalimu aliandika neno pazia ubaoni. "Vizuri sana, nyabo," akasema; nyabo ni bibi kwa Kiganda. Muhula uliofuata nilimsikia kupitia dirishani akiwafundisha wanafunzi wapya kuhusu pazia la nyumbani kwao. Nyumbani kwao, mtoto wa mwenye maduka! Nilikuwa kwenye ngazi na rungu langu, nikizungukia ghorofa, nikamwacha aendelee.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kuandika programu itakayotumiwa na watu wa kweli, mahali pa kweli, kwa miezi miwili. Mwisho wa miezi hiyo mwenye mahali pale angetia saini fomu kwamba hakupokea malalamiko. Ukibadilisha kitu katikati, mwalimu alisema, miezi miwili inaanza upya, na atakayevuka mwisho wa muhula hapati cheti. Jioni ile nilimweleza mama sheria hizo zote tukila maharage. Nilimweleza kwa majivuno, nikipigapiga meza kwa kijiko. Mama alisikiliza kila neno. Laiti ningekula nikanyamaza.

Kliniki ilikubali haraka. Walikuwa na televisheni kuukuu ukutani na kompyuta moja mapokezi, na karani alikuwa amechoka kuita namba kwa sauti. Nikawaandikia programu. Mgonjwa anapewa kadi: nyeupe kwa daktari wa kawaida, ya buluu kwa chumba cha macho. Daktari akiwa tayari anabonyeza kitufe chake, methodi ya chumba hicho inaongeza namba kwa moja, namba inatokea kwenye televisheni na sauti inaitaja. Kitu chepesi. Mtoto wa kozi anaweza kukiandika, na kiliandikwa na mtoto wa kozi.

Nilikwenda kukifunga Jumanne asubuhi, nikiwa nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini. Daktari alibonyeza, televisheni ikasema: namba moja. Mgonjwa akaingia, akatoka. Daktari akabonyeza tena: namba moja. Mara ya tatu: namba moja. Benchi zima likaanza kucheka, na karani, kijana wa Kiganda mwenye ulimi mwepesi, akapiga kofi goti lake.

"Nyabo, hii mashine yako inajua kuhesabu mpaka moja tu? Rudisha kwa gate ikahesabu magari!"

Nilijua kosa mara moja, na hilo ndilo linaloniuma: nililijua. Nilikuwa nimekizaa kigeu ndani ya methodi. Kila daktari alipobonyeza kilizaliwa upya na sifuri yake, kikaongezwa kuwa moja, kikafa. Mimi, bingwa wa pazia! Nilivuta kiti, nikakitoa kile kigeu ndani, nikakiweka juu kabisa ya faili, nje ya methodi zote, mahali ambapo kila mtu anakiona na hakifi. Nikajaribu. Moja, mbili, tatu, nne. Karani akasema, "Eeh, sasa imeenda shule." Nikafunga begi nikaondoka kabla hawajanicheka tena.

Nilikiweka kigeu kimoja. Vyumba vilikuwa viwili. Jumanne chumba cha macho kilikuwa kimefungwa, na sikukijaribu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuondoka mbele ya wale waliocheka. Ningetumia dakika tano nyingine, ningebonyeza kile kitufe cha pili, ningeona. Dakika tano. Nimezihesabu mara nyingi kuliko umri wangu.

Sasa fuata Alhamisi ya daktari wa macho inavyokwenda. Saa tatu madaktari wote wawili wanaanza. Wa kawaida anabonyeza: moja. Anabonyeza tena: mbili. Wa macho anabonyeza kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa vyumba vyote viwili vinakula sahani moja, yaani kigeu kile kile, chumba cha macho kinaita namba tatu. Wa buluu namba moja na namba mbili wamepitwa, na hakuna namba itakayorudi nyuma kuwachukua. Waliopitwa zaidi walikuwa wale wa mwanzo, yaani wale walioamka mapema kuliko wote.

Mama yangu alikuwa anafika kabla mlango haujafunguliwa.

Wengine walipopitwa walifanya kama watu wa Kampala wanavyofanya. Walisimama, wakampigia daktari kelele kwa Kiganda: "Musawo, nimepitwa!" Karani akawaingiza, akidhani walikuwa chooni, au daktari amebonyeza mara mbili. Hakumwambia mtu, kwa kuwa kelele ni sehemu ya kazi yake ya kila siku na kuandika lalamiko kunahitaji kutafuta kalamu. Saa sita kamili daktari wa macho alifunga mkoba wake akaenda kliniki nyingine. Waliobaki kwenye benchi waliambiwa warudi baada ya wiki mbili.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa langoni. Jioni za Alhamisi nilimkuta mama ameketi kizingitini, nikamuuliza, "Mama, kliniki ilikuwaje?"

"Mashine yako inasema vizuri sana," alinijibu. "Sauti iko wazi. Mimi niliambia watu yote ya benchi, hii ni kazi ya mtoto yangu."

"Na jicho?"

"Jicho iko pale pale."

Nilicheka. Nilijisikia mtu. Kila jioni alichukua ile chupa ndogo dirishani, akainua kichwa, akakamua juu ya jicho, akafunga kope kwa muda kama alivyofundishwa, kisha akairudisha dirishani. Nilimwona kwa macho yangu haya mazima. Nilikuwa napekua mifuko ya watu wazima kutwa nzima nikitafuta kilichofichwa, na chupa ya mama yangu sikuwahi kuishika.

Miezi miwili ilipita. Msimamizi wa kliniki alitia saini fomu bila hata kuisoma, nami nikapewa cheti. Darasani walipiga makofi, hata wale wa siku ya kwanza, na mwalimu akasema kazi yangu ndiyo pekee iliyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho bila kuguswa. Alilisema hilo kama sifa.

Wiki hiyo hiyo niliomba ruhusa kazini ili nimsindikize mama. Sitajitia wema: nilitaka kuketi kwenye benchi nisikilize mashine yangu. Tulifika giza likiondoka. Mama akapewa kadi ya buluu namba mbili. Nikaona akiishika karibu sana na pua, akiigeuzageuza kuelekea kwenye taa, nikajiambia ni uzee.

Saa tatu ikafika. "Namba moja, chumba cha kwanza." Mzee mmoja akainuka. "Namba mbili, chumba cha kwanza." Mwanamke na mtoto mgongoni. Kisha kile kitu nilichokiandika kwa mkono wangu kikasema, kwa sauti ile iliyo wazi: "Namba tatu, chumba cha macho."

Nilitazama kadi ya mama. Nikatazama televisheni. Nilikuwa nimeshaliona faili zima kichwani, na ule mstari mmoja pale juu.

"Mama," nikamwambia, "imekupita."

"Eeh. Inapita." Alisema polepole, uso ukitazama mbele. "Kila mara inapita."

"Kila mara? Na wewe?"

"Mimi nakaa."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa na nikakataa. Aliinama kidogo upande wangu na kuteremsha sauti, kama walivyokuwa wakizungumza na baba upande wa ndani wa pazia.

"Karatasi yako, wamekupa?"

"Wamenipa, mama. Jumatatu."

"Mkononi?"

"Mkononi."

Mabega yake yalilegea.

"Basi sasa enda uambie musawo. Ambia yeye hii mashine inapita watu."

Nilisimama nikapiga kelele kuliko wote waliowahi kupiga kelele katika kliniki ile. Karani aliniambia, "Nyabo, tulia, wa macho wanapitwaga, tunawaingizaga tu." Wanapitwaga! Nilitaka kumrukia, lakini mwenye kosa nilikuwa mimi, naye alikuwa mvivu tu. Mama akaingizwa. Daktari alimpima, akampima tena, kisha akaniuliza mimi badala ya yeye.

"Mlikuwa wapi miezi miwili?"

Mama alikuwa pale, mita tano kutoka mlango wake. Alikuwapo kila Alhamisi, wa kwanza, wa pili au wa tatu kufika, amevaa nguo yake nzuri. Nilijaribu kumweleza daktari habari ya kigeu kimoja na methodi mbili, akanitazama kama mtu anayetafuta kisingizio. Akaandika dawa kali zaidi. Akasema kilichobaki ni kidogo, mwanga na vivuli, na kwamba tushukuru hicho kidogo. Sikushukuru. Sishukuru mpaka leo.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja dirishani nikaitikisa chupa. Ilikuwa tupu, na haikuwa tupu ya jana: ncha yake ilikuwa imekauka, imeshika vumbi. Chini ya godoro lake, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, nilikuta kadi nne za buluu. Karani alikuwa amenung'unika mbele yangu mara mbili, nilipopita pale, kwamba kadi za mwanzo zinapotea na inabidi akate nyingine. Mbili. Moja. Mbili. Tatu. Ukiitwa unairudisha kadi kwa daktari. Yeye hakuitwa, akaja nazo nyumbani.

Nilimkasirikia. Naandika hili ingawa linanitia aibu. Nilimkuta jikoni akipapasa kibiriti, nikamfokea: kwa nini hukuniambia mimi? Ungeniambia mimi tu, hapa ndani, nani angesikia?

"Wewe ulisema nini na maharage?" akauliza. "Ulisema ukigusa kitu, miezi miwili inaanza tena. Muhula inaisha, karatasi hapana. Mimi nikikuambia, wewe utagusa. Mimi nakujua."

"Ndiyo ningegusa! Ni jicho, mama!"

"Moja ilikufa tayari, na mimi nilikuwa napika bado," alisema. "Mimi nimefua yunifomu ya baba yako miaka mingi. Yako hapana. Yako mimi nimechoka nayo."

Kurekebisha programu kulinichukua muda usiotosha kuchemsha chai. Nilikifuta kigeu kile cha juu, nikaweka viwili, kila chumba na chake, na kila methodi ikaongeza cha kwake tu. Mstari mmoja ukawa miwili. Nilijaribu vitufe vyote viwili mara ishirini, huku karani akinitazama bila utani hata chembe. Tangu siku ile chumba cha macho hakijampita mtu, na mama huitwa kwa namba yake. Yeye televisheni haioni tena, kwa hiyo husikiliza sauti tu, na ikisema mbili huinuka na kunyoosha mkono kutafuta ukuta.

Kazi niliipata. Lazima niliseme hilo pia, maana ndicho mama alichokuwa akikinunua. Nakaa ofisini, kwenye kiti kinachozunguka, na buti nilimpa askari aliyechukua lango langu. Mara kwa mara huletewa wanaoanza niwafundishe, nao hukwama pale pale walipokwama wenzangu, hapo pa kigeu cha ndani na cha nje. Nawachorea maboksi ubaoni. Pazia silitaji kamwe. Mwalimu abaki nalo.

Cheti kilikaa kwenye bahasha muda mrefu kwa sababu sikutaka kukiona. Ni mama aliyekiulizia, asubuhi moja ya Jumapili, akadai kwamba karatasi kama hiyo watu huiweka ukutani. Nikaitoa, nikampa. Aliisogeza dirishani, akainamisha kichwa upande ule wa mwanga wake mdogo, akaipeleka juu, akaishusha.

"Weka kidole yangu kwa jina yako," akasema.

Nikamshika kidole nikakiweka. Alikitembeza juu ya herufi, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa karatasi ni laini na herufi hazishikiki.

"Na hapa chini wameandika nini?"

Nilitaka kumdanganya. Nilifikiria kusema ni sahihi, ni muhuri, ni mapambo tu. Kisha nikamsomea: kwamba programu ya mwanafunzi huyu ilitumika miezi miwili mfululizo bila malalamiko yoyote.

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Hapana mtu alilalamika."